Talaka na afya ya akili: maswali mnayoniuliza kila siku

Mimi ni mshauri nasaha, kazi yangu iko Dar, na sehemu kubwa ya watu ninaokaa nao wako katikati ya kuachana. Wengine ndo kwanza wamehama chumba, wengine wako baraza la usuluhishi, wengine hukumu imeshatoka na bado hawalali. Hapa nimeweka maswali yanayojirudia, na kuna jambo moja mtaliona humu mara nyingi kwa sababu ndo nalisema kwa kila mtu: usisubiri kesi iishe ndo uanze kujitunza. Watu wanajiambia "nikishapata karatasi yangu ntapumzika", afu karatasi inakuja mtu ameshachakaa kiasi kwamba hata nguvu ya kuifurahia hana. Mambo ya sheria nitakayotaja ni ya Tanzania Bara, Zanzibar wana mahakama zao za Kadhi na Kenya wana sheria zao, ila kukosa usingizi ni kulekule popote ulipo.

Mimi ndo nimedai talaka, mbona nalia kama nimefiwa?

Kwa sababu umefiwa kweli, sema tu hamna tanga. Mtu akifa watu wanajaa, wanapika, wanatandika mikeka, huachwi peke yako. Ndoa ikifa hamna turubai wala rambirambi, unaambiwa "pole" kwenye simu afu swali linalofuata ni nani mwenye kosa. Na unachokililia siyo yule mtu peke yake, unalilia kiwanja mlichokuwa mnalipia kidogokidogo, wifi yako mliyekuwa mnapatana kuliko hata dada zako, Krismasi za kwenda kwao, ile hali ya kujua jioni kuna mtu anarudi. Kudai wewe hakufuti hata kimoja kati ya hivyo.

Mwaka 1967 watafiti wawili wa Marekani, Thomas Holmes na Richard Rahe, walipanga matukio ya maisha kwa uzito wa stresi. Kifo cha mwenza wakakipa alama 100, talaka ikafuata namba mbili kwa alama 73, kutengana namba tatu kwa 65, juu hata ya kufungwa jela. Nawatajia hii kwa sababu kila wiki kuna mtu anakaa mbele yangu anasema "sijui kwa nini mimi dhaifu hivi". Siyo udhaifu, umebeba kitu kizito.

Nimepima malaria, taifodi, UTI, vyote hamna. Mbona mwili mzima unauma?

Hii ya vipimo naijua sana, mtu anakuja na bahasha ya majibu ya zahanati tatu tofauti, kashapewa dozi ya taifodi mara mbili, na bado tumbo linakata na kichwa hakiachi. Stresi ya muda mrefu inakaa mwilini: mabega yanakaza, moyo unaenda mbio umekaa tu, tumbo linavurugika, hedhi inaruka, presha inapanda kwa mwenye asili ya presha. Kupima umefanya vizuri, usiache kupima, hasa maumivu ya kifua hayo nenda hospitali moja kwa moja. Ila vipimo vikirudi safi mwambie daktari ukweli wote, mwambie "niko kwenye talaka, silali, sili". Wengi wanaficha hiyo sentensi moja wakati ndo ingemsaidia daktari kuliko kipimo chochote.

Saa nane usiku naamka na silali tena, nifanyeje?

Kwanza simu itoke chumbani. Nasema kwa herufi zote, itoke. Ninavyowajua, mkiamka saa nane mkono unaenda kwenye simu kabla hata jicho halijafunguka, unaangalia alikuwa hewani saa ngapi, unasoma mesej za mwaka juzi, unakuta picha, na hapo mpaka adhana ya alfajiri uko macho. Nunua saa ya mezani ya kengele, zinauzwa bei ndogo tu Kariakoo, simu ilale sebuleni inachaji.

Ukiamka na dakika kama ishirini zikapita usingizi haujarudi, inuka. Kaa kwenye kiti, taa hafifu, soma kitu kisichohusu ndoa au sali, ukisinzia ndo urudi kitandani. Lengo ni kitanda kibaki mahali pa kulala, kisiwe mahali pa kufanyia hesabu za maisha. Chai ya rangi na kahawa mwisho saa nane mchana. Amka saa ileile kila siku hata kama ulilala vibaya, hii watu wanaipuuza na ndo inasaidia kuliko zote. Na kama kuna wazo linakugonga, mfano "nisisahau risiti za bati", liandike kwenye daftari pembeni ya kitanda, litakusubiri hapohapo asubuhi.

Naweza kunywa dawa za usingizi alizonipa jirani?

Hapana. Dawa za jamii ya valiamu mwili unazizoea ndani ya wiki chache na kuziacha ni kazi, zikikutana na pombe zinaweza kuzima pumzi. Zina nafasi yake lakini aandike daktari, kwa siku chache, na akufuatilie.

Hii process itachukua muda gani? Nachoka kusubiri

Hamna anayeweza kukupa tarehe, ila ukijua njia ilivyo akili inatulia kidogo, kwa hiyo sikiliza. Kwa Sheria ya Ndoa ya 1971 huwezi kwenda mahakamani moja kwa moja, lazima mpite kwanza Baraza la Usuluhishi wa Ndoa, liwe la kata au la dini kama la BAKWATA au la kanisa. Baraza likishindwa kuwapatanisha linatoa hati ya kusema imeshindikana, ndo unaenda nayo mahakamani. Kuna mazingira ambayo hatua hiyo inarukwa, mfano mwenzako amekutelekeza na hujui alipo, au ameitwa akakataa makusudi kuja. Na kama ndoa haijafika miaka 2, inabidi kuomba ruhusa ya mahakama kwanza. Mahakamani utakutana na tarehe kuahirishwa. Itaahirishwa tena.

Sasa ukiyaweka maisha yako yote yasubiri tarehe, kila ikiahirishwa unaanguka upya. Ndo maana nasisitiza kesi iwe na siku yake. Chagua siku moja ya wiki, tuseme Jumamosi asubuhi, ndo siku ya karatasi, simu za wakili, kupanga risiti, kuandika maelezo. Likikujia wazo la kesi Jumanne liandike, litashughulikiwa Jumamosi. Mwanzoni utaona haiwezekani, baada ya wiki kadhaa utashangaa Jumanne imepita hujagusa faili.

Nawaza mali mpaka kichwa kinauma, ntabaki bila kitu?

Hofu nyingi ya hapa inatokana na kutojua, na uvumi wa saluni unaiongezea petroli. Kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa kinaipa mahakama mamlaka ya kugawa mali iliyochumwa kwa juhudi za pamoja, na tangu 1983 kwenye shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilishatamka kwamba kazi za nyumbani na kutunza familia nazo ni mchango. Haina maana nusu kwa nusu ni lazima, mahakama inaangalia mchango wa kila mmoja, kwa hiyo ushahidi tunza. Ila ile kauli ya "wewe ulikuwa unapika tu huna chako" usiruhusu ikukoseshe usingizi.

Msaada wa kisheria wa bure upo, kuna sheria yake kabisa ya 2017, kuna wasaidizi wa kisheria mpaka kwenye wilaya, kuna mashirika ya kuwasaidia wanawake kisheria kama TAWLA na WLAC, na kuna kampeni ya Mama Samia iliyoanza 2023. Kaa na mmoja wao hata saa moja. Nimeona watu wakitoka kwenye hiyo saa moja wanapumua tofauti, na hamna dawa waliyopewa.

Ndugu zangu wananiambia nivumilie, wengine wananiambia nimkomoe. Nimsikilize nani?

Kwenye talaka kila mtu anakuwa wakili. Shangazi anasema ndoa ndivyo zilivyo, kaka anataka aende kumpiga mtu, rafiki yako aliyeachika anataka na wewe uwe kama yeye, mama analia tu na kuuliza watu watasema nini. Wengi wao wanakupenda, sitaki uwaone maadui. Tatizo ukimsimulia kila mtu, unarudia kidonda mara kumi kwa siku na unapata ushauri kumi unaogongana.

Chagua wawili, watatu wakizidi. Mmoja wa kulia naye, asiyekuharakisha wala kubeba maneno. Mwingine wa mambo ya vitendo, wa kukusindikiza baraza au kukaa na watoto. Wengine wote waandalie sentensi moja utakayoirudia hivyohivyo kila siku: "Asante kwa kunijali, tuko kwenye hatua, ntawaambia ikifika mwisho." Kwa wakubwa ongeza shikamoo na heshima zote, ila sentensi usiirefushe. Ukiirefusha tu wanapata mlango.

Na kama kuna grupu la WhatsApp la ukoo linajadili ndoa yako, ruksa kutoka. Watasema umejivuna, waache waseme, mwombe dada yako akupe taarifa za misiba na harusi.

Nimbloku?

Kama hamna watoto wala biashara ya pamoja, ndiyo, hata leo, ya kesi yapitie kwa mawakili au wazee. Kama kuna watoto huwezi kukata kabisa, basi punguza mawasiliano yabaki sehemu moja, mesej za kawaida za maandishi tu, na mada ni watoto tu. Akiandika matusi usijibu matusi, jibu kile cha ada au homa ya mtoto, mengine piga skrinshoti uhifadhi.

Statasi zake zifiche. Najua unajiambia unaangalia tu kujua anaendeleaje, ila nimekaa na dada mmoja ambaye kila siku alikuwa anafungua statasi za mtalaka wake kwa simu ya mdogo wake ili jina lake lisionekane, anahesabu vyombo kwenye picha ya meza ya chakula, sahani ngapi, glasi ngapi, nani alikula pale. Akilala nazo hizo sahani. Alipoacha, wiki ya kwanza alikuwa kama mtu anayeacha sigara, mikono inawasha, baadaye ndo akaanza kula vizuri. Na wewe yako usiweke vijembe. Vitasomwa na watoto wako siku moja, na vinaweza kusomwa mahakamani.

Bado tunaishi nyumba moja kwa sababu hamna hela ya kodi, nitapona vipi?

Hii ngumu na ni ya wengi, mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo na mshahara ni uleule. Tafuta hata kona moja ambayo ni yako, chumba, kitanda, kabati lenye kufuli. Kubalianeni kwa maandishi nani anatumia jiko saa ngapi, nani anapeleka watoto shule. Mazungumzo ya kesi yasifanyike ndani ya nyumba kabisa, hasa usiku. Na kila siku toka nje hata nusu saa ukatembee, siyo mazoezi ya kupunguza mwili, ni kutoa pumzi. Kama hali inageuka kuwa vitisho au kipigo basi hilo siyo suala la kugawana jiko tena, soma jibu linalofuata.

Ananipiga, lakini baraza wanataka tukae tupatane

Usalama wako unatangulia upatanishi wowote. Nenda Dawati la Jinsia na Watoto kwenye kituo cha polisi, chukua PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, utibiwe, kuna hospitali zina Kituo cha Mkono kwa Mkono ambako daktari, polisi na ustawi wa jamii mnawakuta sehemu moja. Kenya piga 1195, ni bure. Waambie baraza wazi kwamba kuna kipigo na hutaki kukaa naye chumba kimoja. Hofu unayoipata ukisikia geti linafunguliwa, kushtuka, ndoto mbaya, hizo siyo tabia zako mpya, ni mwili ulioishi kwenye hatari, na zinatibika ukishakuwa mahali salama. Kabla ya hapo usijilaumu kwa nini hutulii. Utatuliaje?

Nikienda kwa daktari wa akili si atatumia hiyo kuninyang'anya watoto?

Hili swali linawazuia watu wengi sana kutibiwa, hasa kina mama. Sheria ya Ndoa inataja ugonjwa wa akili kama sehemu ya ushahidi kwamba ndoa imevunjika, lakini inazungumzia ugonjwa ambao madaktari wasiopungua wawili, mmoja akiwa wa magonjwa ya akili, wamethibitisha kwamba hawaoni tumaini la mgonjwa kupona. Sonona (depression) unayotibiwa ukapona haifanani na hiyo hata kidogo.

Kuhusu watoto, kinachotangulia ni maslahi ya mtoto. Kuna dhana kwenye kifungu cha 125 kwamba mtoto wa chini ya miaka 7 ni vizuri akae na mama, ingawa inaweza kupingwa, na mahakama inaangalia pia mtoto asivurugwe kwa kuhamishwahamishwa, na maoni yake kama ameshaweza kujieleza. Sasa niambie, mbele ya hakimu nani anaonekana mzazi makini, aliyeona hali yake mbaya akaenda kliniki akafuata matibabu, au aliyeficha mpaka watoto wakawa wanalala njaa? Unachoongea na daktari ni siri yako. Nenda.

Na siyo lazima uanzie Mirembe, ile hospitali ya akili ya Dodoma, najua jina hilo linavyotumika mtaani kutishia watu. Hospitali za mikoa zina kliniki za afya ya akili, Muhimbili ipo, hata kituo cha afya wanaweza kukuanzishia na kukupa rufaa.

Ntajuaje hii ni huzuni ya kawaida au imekuwa sonona?

Huzuni ya kawaida inakuja na kuondoka. Unalia asubuhi, mchana mtoto anakuchekesha unacheka kweli, jioni unatamani pilau. Sonona inakaa. Kama karibu kila siku kwa wiki 2 au zaidi huna raha na kitu chochote, hata vile ulivyokuwa unavipenda, usingizi na hamu ya kula vimebadilika, umechoka tangu unaamka, akili haishiki hata mesej ya mistari mitatu, unajiona mzigo au huna thamani, hapo nenda ukaonwe. Usisubiri dalili zote zitimie.

Ukiandikiwa dawa, nyingi zinazotumika hapa kama fluoksetini na amitriptilini siyo za kulevya, ila hazifanyi kazi siku hiyohiyo kama panadol, zinataka wiki 2 mpaka 4 ndo uanze kuona tofauti, na watu wengi wanaziacha siku ya tano wakisema hazifanyi kazi. Usiziache ghafla, ongea na daktari. Kama una mawazo ya kujidhuru, dawa zako akutunzie dada au mama, akupe za siku chache chache.

Nawaza bora nife

Mwambie mtu sasa hivi, kabla hujamaliza kusoma hapa. Mpigie mtu na sema maneno hayohayo, "nawaza kufa, njoo ukae na mimi". Usikae peke yako usiku huu. Sumu ya panya, dawa za shamba, vidonge vilivyobaki, vyote vitoke nyumbani vikabaki kwa jirani. Nenda hospitali yoyote iliyo karibu, sehemu ya dharura, sema ukweli ukifika. Kuwaza siyo kosa kisheria, usiogope kwamba ukisema utakamatwa, mtu anayesema anawaza kujiua ni mgonjwa anayetafuta msaada na anapaswa kupokelewa hivyo. Kenya Mahakama Kuu iliamua Januari 2025 kwamba hata kumshtaki mtu aliyejaribu kunakiuka katiba.

Wewe unayemwangalia ndugu yako amebadilika, amegawa vitu vyake, anaaga aga: muulize wazi, "unawaza kujiua?" Kumuuliza hakumpi wazo hilo, kunampa nafasi ya kulitua. Afu usimwache.

Mume wangu wa zamani / kaka yangu hanywi maji ila bia tu tangu waachane. Wanaume nao wanaumia?

Wanaumia sana na hawana pa kulisema. Mwanamke akiachika angalau kuna dada atakuja kulala naye siku mbili. Mwanaume anahamia geto, anaambiwa "wanawake wako wengi", ananunuliwa bia, na hapo ndo mazungumzo yanaishia. Nimeona wanaume wanaoshindwa kuingia kwenye chumba ambacho watoto walikuwa wanalala, wanalala kwenye kochi mwezi mzima. Pombe inaleta usingizi wa saa mbili tatu afu inakuamsha na wasiwasi mara dufu, na kwa mtu mwenye sonona inaongeza.

Kama wewe ni rafiki yake, usimwite kaunta, mwite mkatembee, mkaangalie mpira, mkaoshe gari pamoja. Wanaume wengi wanaongea vizuri wakiwa bega kwa bega mikono ina kazi, kuliko kutazamana. Muulize kuhusu watoto, atafunguka. Na wewe mwenyewe mwanaume unayesoma hili kwa siri, kulia hakujapunguza mwanaume yeyote, na kwenda kumwona mshauri hutatangazwa mtaani.

Watoto niwaambie nini na lini?

Waambieni mkiwa wote wawili kama mnaweza kukaa dakika kumi bila kugombana, kabla ya kuhama na siyo siku ya kuhama. Maneno machache: baba na mama hawataishi tena nyumba moja, siyo kosa lenu, wote bado tunawapenda, mtalala wapi, shule ni ileile au inabadilika, baba mtamwona siku gani. Watoto wanataka kujua hizo ratiba kuliko sababu. Sababu za kikubwa ziache.

Usimfanye mtoto tarishi. "Mwambie baba yako ada haijalipwa" inaonekana sentensi ndogo, ila angalia uso wake wakati anaibeba. Usimuulize kule kulikuwa na nani na walikula nini. Mdogo akianza kukojoa kitandani tena, au kung'ang'ania nguo yako asubuhi, na mkubwa akashuka darasani au akanyamaza, usimchape, mwambie mwalimu wake kinachoendelea nyumbani. Namba 116 ni ya huduma kwa watoto, ni bure, Tanzania na Kenya.

Niko eda, napaswa kujisikiaje?

Hamna namna moja ya kujisikia. Kwa aliyeachwa eda ni quruu tatu, yaani vipindi vitatu vinavyohesabiwa kwa hedhi na tohara yake, mwenye mimba mpaka ajifungue, na kwenye talaka rejea, ile ambayo mume bado anaweza kumrejea mkewe ndani ya eda, mwanamke anabaki nyumbani na matumizi ni juu ya mume, kwa hiyo yale ya kufungashiwa virago usiku uleule ni dhuluma na mpelekee Kadhi au shehe habari hiyo. Wapo wanaopata utulivu kwenye eda kwa sababu hamna anayewaharakisha kuamua chochote. Wapo wanaohangaika, kila siku wanasubiri kama atarejea au la. Ukiwa huyo wa pili usikae unahesabu peke yako, awepo mama au somo wa kukaa nawe, na shughuli ya mikono.

Kwa Wakristo ninaowapata, hasa Wakatoliki, mzigo mkubwa ni kuona wametengwa na kanisa. Nenda ukaongee na padre mwenyewe ana kwa ana badala ya kuacha misa kwa kusikia ya watu, wengi wanajihukumu zaidi ya kanisa linavyosema.

Nimeambiwa nimerogwa na kuna mganga anaweza kumrudisha

Wanaojitangaza kumrudisha mpenzi ndani ya siku tatu wanawinda watu walio kwenye hali yako, wanajua hulali na uko tayari kulipa. Inaanza elfu ishirini ya ubani, inafika laki tano ya mbuzi mweusi, na mwisho umekopa kikoba. Imani yako siigusi. Hela zako zilinde.

Kazini niseme?

Mwambie mtu mmoja, msimamizi wako au afisa rasilimali watu, kwa ufupi: "nina jambo la kifamilia mahakamani, kuna siku ntaomba ruhusa." Hawahitaji zaidi. Kwa aliyeajiriwa, sheria ya ajira inatoa likizo ya ugonjwa mpaka siku 126 ndani ya miezi 36, za mwanzo 63 kwa mshahara kamili na 63 kwa nusu, kwa cheti cha daktari, na sonona ni ugonjwa kama mwingine. Maamuzi makubwa kama kuacha kazi au kuhama mkoa yaahirishe kama yanaahirishika.

Lini naweza kuanza mahusiano mapya?

Ukiweza kukaa Jumapili nzima peke yako bila kutafuta mtu wa kukusahaulisha. Sina tarehe nyingine. Na kesi ikiwa bado inaendelea, mwenza mpya anaweza kukoroga mambo ya watoto na mali, kwa hiyo ongea na mwanasheria wako kwanza.

Sina hela ya mshauri

Anzia kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri yako, ni kazi yake na hulipi. Kliniki za afya ya akili za hospitali za serikali gharama zake ni ndogo kuliko za binafsi, na kama una bima ulizia. Wapo viongozi wa dini waliosomea ushauri. Na kama mko wanne watano mtaani mliopitia haya, kukutana mara moja kwa wiki uani kwa mtu, kila mtu anaongea na hamna anayemkatisha mwenzie, kunasaidia kweli, mradi mkubaliane yanayosemwa hapo hayatoki.

Kesho naenda baraza kwa mara ya kwanza, tumbo linanivuruga. Leo usiku nifanye nini?

Chukua karatasi moja, upande mmoja tu, andika mambo matatu unayotaka wajumbe wayajue, siyo thelathini. Pale watakaa kwenye benchi wazee kwa vijana, mwingine atakuwa anakujua toka mdogo, na watakuuliza maswali ya chumbani mbele ya yule mtu, na yeye atasema mambo ambayo siyo kweli. Jiandae kwamba atasema. Akisema, shika karatasi yako, sukuma miguu yote miwili sakafuni, toa pumzi taratibu mpaka iishe kabla ya kuvuta nyingine, mara tatu, ndo ujibu. Ukishindwa kabisa una haki ya kusema "mwenyekiti naomba dakika tano" ukatoka nje.

Nguo ziandae leo, cheti cha ndoa kiweke kwenye bahasha na kopi, nauli pembeni. Kula asubuhi hata kama ni uji nusu kikombe, beba chupa ya maji na kitambaa. Mwambie yule mtu wako wa vitendo aje akusubiri nje, na mkitoka msiende moja kwa moja nyumbani kwa watoto, pitieni sehemu mkae, mle, ulie kama unataka kulia. Jioni usimsimulie mtu mwingine yeyote, simu sebuleni, ulale.